Mgeni Asiyeweka Kijiko

Jumapili ile ya mavuno baba alirudi kutoka kanisani, akavua koti lake jeusi, akalitundika msumarini, akasema bila kunitazama:

"Haya, mlete huyo mtu wako wa karatasi. Anywe vikombe vyake vitatu, kisha ashike njia."

"Baba, amesafiri majuma matano baharini."

"Mimi sikumtuma."

"Ana jina. Anaitwa Veit Dressel."

"Hata meli ina jina. Inatia nanga, inang'oa nanga."

Shangazi Okka, dada yake baba, alikuwa amesimama kabatini akifuta vikombe vyembamba vya kaure vyenye ua la waridi. Vikombe hivyo vilivuka bahari pamoja nasi vikiwa vimefungwa ndani ya soksi za baba. "Onno kaka yangu," akasema, "huo ulimi wako ungekuwa mkasi wa zabibu, tungemaliza mavuno jana."

Baba alitoka kwenda kutazama mizabibu, kama afanyavyo kila anapotaka kukasirika bila watu kumwona.

Nilibaki nimeshika kitambaa cha meza. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Katika bonde letu la Barossa, huku Australia, msichana wa umri ule ambaye hajaolewa wanamsalimia kwa sauti ya huruma, na huruma ya wanawake wa kanisani, jamani, inauma kuliko matusi. Baba alikuwa na mtu wake, Bwana Zerna, mjane mwenye mizabibu iliyopakana na yetu. Mtu mwema, sina neno baya juu yake. Ila akizungumza nami alikuwa akizungumza kuhusu mvua.

Na mimi moyo wangu ulikuwa umekwenda zamani. Ulikuwa ukisafiri ndani ya bahasha kwa miaka tisa.

Mwaka ule wa kwanza wa kufika Australia, gazeti la kanisa la Ujerumani lilichapisha majina ya sisi tuliohama, ili watu wa nyumbani watuandikie tusijione tumetupwa. Jina langu alilipeleka Shangazi bila kuniuliza. Nikaona haya mno. Shule yangu ilikatwa na vita. Mabomu yalipoangukia mji wetu wa Emden nilikuwa darasa la tatu, na baada ya hapo tulijifunza kukimbia tu. Mwandiko wangu ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope. Lakini barua ikaja, tena kutoka Coburg, mji wa vilimani huko kusini, mbali kabisa na pwani yetu ya Frisia, iliyoandikwa na Veit, mtu ambaye kazi yake ni kufagia masizi ndani ya dohani, mabomba ya moshi ya nyumba.

"Bi Theda," aliandika, "mimi hushinda juu ya mapaa ya watu, na kutoka huko naona mbali. Lakini Australia siioni. Naomba unionee."

Basi nikamwonea. Nilimwandikia habari za kasuku wanaokula zabibu zetu, za Krismasi ya jua kali, za mama aliyekuwa akikohoa. Hakunisahihisha hata neno moja. Mama alipofariki, barua zake ndizo zilizonishika mkono nikainuka. Na mama alikuwa ameniwekea sharti siku zake za mwisho, nami nikaahidi: "Theda, usitoke nyumba ya baba yako bila yeye mwenyewe kukupa mkono wake. Amepoteza wana wawili kule vitani, na mimi atanizika huku. Usimponyoke kama mwizi."

Hapo ndipo nilipokuwa, wasomaji wangu. Ahadi ya marehemu mkono mmoja, na mkono wa pili mtu aliyevuka dunia.

Tena kuna jambo ambalo sikumwambia hata Shangazi. Veit aliposhuka basini Alhamisi, mrefu, mwembamba, macho ya kijivu yanayotazama kama yanaomba ruhusa, tulisimama kama watoto wawili walioitwa na mwalimu.

"Safari ilikuwa njema?" nikauliza.

"Njema."

"Kuna joto."

"Ndiyo. Joto lipo."

Basi! Miaka tisa ya kuambiana mpaka ndoto, halafu joto lipo. Alifikia nyumbani kwa mchungaji, na kila tulipoonana siku zile tatu ulimi wangu uliganda. Karatasi ilikuwa imetuzoesha vibaya. Usiku nilijiuliza: je, nimempenda mtu, au nimependa wino?

*

Veit alifika saa tisa alasiri, jua likichoma bati la paa mpaka linalia. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya sufu, shati limefungwa hadi kooni, na uso umekuwa mwekundu kama figili.

"Karibu, Bwana Masizi," Shangazi Okka akampokea mlangoni. "Kwetu wanasema ukimgusa mfagia dohani unapata bahati. Hebu nikuguse kabla hujamalizwa."

"Niguse, Mama," Veit akasema, akatoa mkono. "Ila bahati yenyewe leo naihitaji mimi."

Shangazi akacheka mpaka akafunika mdomo. Nikamwona baba, aliyekuwa amekaa kichwani mwa meza, akikunja uso. Hakupenda mgeni awe mcheshi.

"Kaa," akasema.

Sasa lazima niwaeleze chai yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata. Watu wa Frisia ya Mashariki hatunywi chai, tunaihudumia. Kwanza jiwe la sukari linawekwa kikombeni, sukari iliyoganda kama kioo. Chai ya moto inamiminwa juu yake, na jiwe linapasuka kwa mlio mdogo. Kisha malai, mafuta ya juu ya maziwa, yanateremshwa ukingoni kwa kijiko, yanapanda kama wingu. Na hukorogi. Anayekoroga amelelewa na mbuzi. Vikombe vitatu ni haki ya mgeni, hata awe adui. Akitosheka, anaweka kijiko chake kidogo ndani ya kikombe, nawe unajua amemaliza. Asipokiweka, unaendelea kummiminia. Mwenye nyumba anayeacha kumimina, au anayeinuka mezani kabla kijiko hakijaingia kikombeni, amemfukuza mgeni, na aibu hiyo itamfuata mpaka kaburini. Baba yangu alikuwa tayari kumkataa Veit. Kuvunja sheria ya chai, hapana.

Nikamimina. Jiwe likalia. Nikateremsha malai, mkono ukitetemeka kiasi kwamba wingu langu likatoka pembe.

Veit alikitazama kikombe kama mtu anayemtazama ndugu aliyemjua kwa picha. Hakukoroga. Alikunywa kwanza malai, kisha uchungu wa chai, kisha utamu wa chini, polepole, kwa mpango wake. Shangazi akaniinulia nyusi. Baba naye aliona.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Bi Theda aliniandikia. Kurasa nne, kuhusu kikombe kimoja."

"Kurasa nne," baba akarudia, kama anayesikia bei ya kitu asichonunua. "Kwenu mnakunywa nini?"

"Bia, Mzee Ubben. Na kahawa."

"Hm."

Kikombe cha kwanza kikaisha kwa "hm" ile. Cha pili baba alimuuliza habari za meli, majibu yakawa mafupi. Cha tatu nilikimimina nikihisi namimina maji juu ya moto wangu mwenyewe. Baba alikuwa ameshaweka mikono juu ya meza, viganja chini, tayari kuinuka.

Veit akamaliza. Akachukua kijiko chake. Akakifuta kwa leso kwa adabu, akakilaza vizuri juu ya kisosi, kando ya kikombe. Kando!

Inzi alisikika dirishani.

Shangazi Okka akakohoa. "Theda, mwanangu," akasema kwa sauti ya asali, "mgeni hajatosheka."

Nilimtazama Veit, naye akanitazama, na macho yake ya kijivu hayakukimbia. Damu ilinipanda hadi masikioni. Mtu huyu anajua, nikajiambia. Anajua kila kitu cha chai yetu, nilimwandikia mwenyewe. Amekuja kunipigania kwa sheria ya nyumba yetu. Hatoki humu mpaka asikilizwe! Nikainua birika, na safari hii mkono haukutetemeka.

*

"Vizuri," baba akasema, akaegemea kiti. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Kama tunakaa, tuongee. Meli yako inarudi lini?"

"Ilisharudi, Mzee."

"Imerudi bila wewe?"

"Bila mimi." Veit akameza chai na kujifuta jasho. "Sikuja kutembea. Nimekuja kama mhamiaji. Serikali ya huku imenilipia sehemu kubwa ya nauli, na sharti lake ni nikae miaka miwili."

Birika nusura liniponyoke. "Hukuniandikia hivyo!" Nilisikia sauti yangu ikipasuka, maneno ya kwanza ya kweli kumwambia tangu afike. "Uliandika utakaa majuma sita. Nimekaa hapa nahesabu majuma sita kama mfungwa!"

"Niliogopa, Theda."

"Uliogopa nini?"

"Ungeniambia nisije. Ungesema baba hatakubali, ungeandika kwa upole wako ule, nami ningekutii, kwa sababu sijawahi kukukatalia kitu." Aliinamisha kichwa. "Nikaona bora nikataliwe nikiwa nimeshafika."

"Kwa hiyo ukaamua peke yako! Na mimi ni nani, kasuku?"

"Mmiminie," Shangazi akanong'ona.

Nikamimina kwa hasira, malai nikayatupa tu. Akanywa yote bila kuacha. Akalaza kijiko kando.

Baba alikuwa akitutazama kwa zamu. Sidhani alikuwa ameniona nikikasirika tangu mama afariki. "Na utakula nini huku?" akauliza. "Dohani zetu ni chache, na kila mtu anafagia yake kwa tawi la mkaratusi."

"Nitakata zabibu."

"Umewahi kukata zabibu?"

"Hapana. Ila nimezoea kupanda, nimezoea kuinama, na sina aibu ya kuchafuka."

"Hilo la kuchafuka namwamini," Shangazi akasema.

"Okka!"

"Nimenyamaza."

Kikombe kingine. Nyumba ilikuwa tanuri. Suti ya Veit ilikuwa imeloa mgongoni, na nikaona jambo jipya: alikuwa akikunja na kukunjua miguu chini ya meza, uso umeanza kuwa na rangi ya ajabu. Nikadhani ni mapenzi. Mungu anisamehe, nilidhani ni mapenzi yanayomsumbua.

"Nikuulize kitu kimoja," baba akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wa mapenzi ya barua nawajua. Mtu kwenye karatasi hanuki, hakoromi, hanuni. Miaka miwili yako itakwisha, utaikumbuka milima yenu, utamchukua mwanangu urudi naye. Nami nitabaki hapa na Okka na vikombe. Nina watoto wawili kwenye udongo ambao hata sijui uko wapi. Unataka na huyu?"

Baba hakuwa mtu wa kuwataja kaka zangu. Shangazi aligeukia dirishani, bega likimtikisika kidogo.

Veit alikiweka kikombe chini taratibu. "Mzee Ubben, mimi sina mtu wa kurudia. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na baba hakurudi kutoka vitani. Nilikuwa nafagia dohani za nyumba za watu, nasikia sauti za familia zikipanda na moshi, wanagombana, wanacheka, halafu narudi chumbani kwangu. Mpaka barua ilipokuja kutoka nyumba hii. Namjua Mama Okka anavyodanganya kwenye karata."

"Uongo!" Shangazi akasema bila kugeuka.

"Nawajua kasuku wenu. Namjua marehemu Mama Ubben alivyoimba jikoni. Na wewe Mzee, nakujua ulivyobeba mche wa kwanza wa mzabibu kifuani chini ya koti usichomwe na upepo. Sikuja kumchukua Theda kutoka humu." Akakigusa kikombe chake kwa kidole. "Nimekuja kuomba nami niingie."

Nilisahau hasira. Nilisahau hata birika lililokuwa likinichoma kiganja.

Baba akaunyosha mkono wake mkubwa, akachukua jiwe la sukari kwenye bakuli, akaligeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii," akasema, "ni yako."

"Ndiyo, Mzee."

"Tulipofika, huku hapakuwa na sukari hii. Mke wangu alikunywa chai na sukari ya unga, hakusema kitu, lakini nilimwona. Halafu ukaanza kututumia mafurushi ya sukari kwa posta." Akalirudisha jiwe bakulini, polepole, kama yai. "Siku yake ya mwisho alitaka chai. Alitaka asikie jiwe likilia. Alilisikia."

Macho yake hayakuinuka mezani.

"Sijawahi kukushukuru. Nilijiambia, nikimshukuru nitakuwa nimempa binti. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nakunywa sukari ya mtu miaka yote hii nimefunga mdomo. Asante, kijana. Asante kwa kikombe kile."

Veit aliinamisha kichwa, na tone likaanguka kwenye kisosi. Shangazi alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha vikombe, akisema moshi, moshi, na jiko halikuwa na moto wa kutoa moshi.

Ndipo baba akanigeukia.

"Theda. Tumeongea wanaume, hata Okka asiyeombwa ameongea. Wewe ndiye hujasema. Sitaki kuonyeshwa barua. Sema kwa mdomo wako, hapa mbele yangu. Unamtaka?"

Jamani! Katika maandishi nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimeshamwandikia Veit maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka najishika shavu. Lakini kuyasema, baba ananitazama, mtu mwenyewe yuko umbali wa mkono! Ulimi ukaganda tena kama ile Alhamisi. Nikamwona Veit akikaza taya, macho yamemtoka, akiningoja kama mtu aliyening'inia ukingoni mwa paa.

Nikaliweka birika chini.

"Baba," nikasema, "kila mwezi kwa miaka tisa nimeimaliza barua kwa kumshukuru huyu mtu. Asante kwa sukari. Asante kwa kunisikiliza. Asante kwa kutocheka mwandiko wangu. Mpaka nikadhani ninachohisi ni shukrani tu. Siku tatu hizi nimekuwa bubu mbele yake, nikaogopa kwamba bila karatasi hakuna kitu." Nikamgeukia Veit mwenyewe. "Halafu leo nimekugombeza. Nimekugombeza kama mtu wangu. Veit, sitaki tena kukushukuru kwa barua. Nataka nikushukuru asubuhi ukiniletea kuni, na jioni nikikushonea kifungo, na ukinikera nikwambie hapo hapo. Nakutaka. Nakutaka ukae."

Baba akainuka nusu, akanyosha mkono wake juu ya meza. Akauchukua wangu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome la mzabibu. Akauweka mkono wangu juu ya mkono wa Veit, akaifunika yote miwili.

"Basi," akasema. "Mama yako amesikia."

Nilihisi vidole vya Veit vikinibana. Ndiyo mara yetu ya kwanza kugusana, mimi na yeye. Vilikuwa vya moto, na vilikuwa vikitetemeka vibaya sana. Akanitazama kwa macho yaliyojaa, akafungua mdomo kusema neno ambalo nililingoja miaka tisa.

"Samahani," akasema.

Akauchomoa mkono, akaruka kutoka kitini, akaangusha kiti, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

*

Tuliganda. Mkono wa baba ulikuwa bado uko juu ya wangu.

"Amekimbia!" Shangazi Okka akapiga kelele. "Mungu wangu, kapewa mke, kakimbia!"

Sikuweza kuinuka. Baba alikwenda mlangoni kwa hatua kubwa, akasimama huku amejikinga jua kwa kiganja. Nikamwona mgongo wake umekakamaa. Kisha ukaanza kutikisika.

"Baba? Amekwenda wapi?"

Alishika nguzo ya mlango. Ile sauti iliyotoka kifuani mwake sikuitambua kwanza, maana ilikuwa imepotea nyumbani kwetu tangu tulipomzika mama. Baba alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Chooni," akasema akijifuta machozi. "Amepita katikati ya kuku kama treni. Amekwenda chooni!"

Aliporudi, Veit alikuwa amenyooka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alisimama mlangoni, uso umemwiva kwa haya.

"Mzee Ubben, Mama Okka, naomba radhi. Theda, nisamehe wewe zaidi. Nisingeweza tena hata dakika moja." Akasita. "Naomba niulize, na msinione sina adabu. Chai ya kwenu... huwa inaisha vipi?"

Shangazi akamkodolea macho. "Inaisha vipi? Si unaweka kijiko kikombeni, mtoto wewe!"

"Kijiko?"

"Ukitosheka, kijiko ndani! Usipoweka, tunamimina."

Veit alikitazama kijiko chake kilicholala kisosini kisafi kabisa. Akanitazama mimi. Nami nikaziona mbele yangu zile kurasa nne: sukari nilimwandikia, malai nilimwandikia, kutokoroga nilipigia mstari. Kijiko... Nikajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikukuandikia," nikasema.

"Hukuniandikia," akasema taratibu. "Nilidhani nikiacha kikombe kimejaa nitawaudhi. Kila nikimaliza nilisema moyoni, sasa basi, na kinajaa tena. Nilikuwa nataka kufa."

Kicheko chote kikaniondoka. Maana baba alikuwa amempa mkono mtu mkaidi, mtu aliyeshika sheria yetu na kukataa kuondoka. Na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mgeni aliyekuwa akizama kwenye chai na kuona haya kusema. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinuka pale ngazini, uso haucheki tena. Alimpima Veit kwa macho kuanzia viatu hadi nywele.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua, Mzee. Siwezi kukudanganya. Kama ulinipa kwa sababu hiyo..." Akafunga kifungo cha koti. "Naelewa."

Baba akasogea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Nilimhesabu kuwa mkaidi," akamwambia Shangazi, kana kwamba Veit hayupo. "Nikasema moyoni, huyu ni kichwa kigumu kama mimi, watagombana, lakini hataondoka. Kumbe sivyo." Akamwekea Veit mkono begani, na bega lililoloa likashuka chini ya uzito wake. "Anayekunywa birika zima kwa ukaidi, ni mpiganaji. Wapiganaji nimewaona maishani, wamenitosha. Anayekunywa birika zima huku anaungua, kwa kuogopa tu asimvunjie mtu heshima nyumbani kwake... Huyo, Okka, ndiye mume."

"Nami ndivyo nilivyosema toka mwanzo," Shangazi akasema, ambaye hakuwa amesema hivyo hata kidogo.

"Vua hilo koti, mwanangu," baba akamwambia Veit. "Utakufa kwa joto kabla hujanifaa kitu."

Mwanangu. Niliona neno hilo likimwingia Veit mahali ambapo hapakuwa na mtu tangu utotoni. Alivua koti, akabaki amelishika, hajui aliweke wapi. Baba akalichukua mikononi mwake, akaenda nalo ndani, akalitundika kwenye msumari mmoja na la kwake.

Sisi wawili tukabaki kwenye ngazi za nyuma. Kuku walikuwa bado wamekasirika. Nilitaka kusema kitu kizuri, nikatafuta, nikakosa.

"Kuna joto," Veit akasema.

Nikamtazama. Pembe ya mdomo wake ilikuwa ikicheza. Tukaanza kucheka, tukacheka mpaka tukaegemeana, na tulipomaliza kucheka hatukuacha kuegemeana. Kisha tukaanza kuzungumza. Tulizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mizabibu, sauti juu ya sauti, huyu hajamaliza yule kaanza, na Shangazi akatupigia kelele kutoka jikoni kwamba kama tungeanza hivi Alhamisi, yeye angekuwa ameokoa nusu ya majani yake ya chai.